Sikukuu ya Kwisha Vita, Njiani kwenda Bawshar

Tangu nirudi Mombasa sijamaliza kikombe kimoja cha chai kikiwa moto. Kila anayeingia huuliza lile lile: ilikuwaje, na mbona umerudi peke yako? Nimeshasimulia mara nyingi, na kila mara nnasahau kipande. Basi nimeona bora nikuandikieni yote kwa mpango wake, mpokezane. Habari za pasi na vibali nnaziruka. Zilinichosha mimi, sioni kwa nini zikuchosheni na nyinyi.

Baba yangu, Mzee Salim, mnamjua. Nyote mmemzowea pale barazani kwetu tangu tuhame Unguja, miaka mitatu sasa. Msilolijua ni kuwa ana ndugu mmoja, baba mmoja mama mmoja, Ami Khalfan, anayekaa Bawshar, mwendo wa nusu siku kutoka Maskati. Mimi mwenyewe ami yangu nilimjua kwa jina tu. Karibu miaka hamsini wazee hawa hawakuandikiana hata barua moja. Salamu zilipita kwa midomo ya watu, kavu kama mkate wa jana. Nikiuliza sababu, Baba hujibu, "Masafa, mwanangu."

Mwaka huu kifua kilimlaza Baba wiki tatu. Alipoinuka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Zuwena, nnataka kumwona Khalfan." Nikaandika barua mimi. Jibu likaja la mstari mmoja: *Kama mzima, njoo.*

Baba aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma. "Hapa ananikaribisha au ananigombeza?"

"Anakukaribisha, Baba."

"Humjui wewe."

Mombasa mpaka Jibuti

Tulipata nafasi katika meli ya mizigo ya Kifaransa, chakavu, yenye vyumba vitatu vya abiria. Tulikuwa abiria sita. Baharini sikuona kitu kwa siku tatu za mwanzo isipokuwa ndoo. Aliyeniokoa ni mpishi, Mngazija mmoja jina lake Ali, mnene, mwenye kucheka kwa mabega. Aliniletea uji wa mchele na kipande cha ndimu, na kwa kuwa alikwisha kusikia kuwa nnasomesha, akasema, "Kunywa, mwalimu. Bahari haimpendi mwenye tumbo tupu."

Baba alizoweana na Ali siku ile ile. Ali ndiye aliyekuwa mdomo wetu na sikio letu, maana nahodha na maafisa wake hawakujua ila Kifaransa, na sisi tulijua *merci* peke yake. Baba alikaa mlangoni mwa jiko akichagua mchele, akimhadithia habari za Unguja. Nahodha alikuwa mzee mrefu, mwenye nyusi nyeupe, na kila akipita humwinamia Baba kichwa. Baba naye huweka mkono kifuani. Urafiki wao ulikuwa huo tu, na uliwatosha.

Jibuti tulikaa siku nne kwa mashine iliyovunjika. Joto la Jibuti sitaki kulisimulia. Jioni moja nahodha alikuja jikoni, akamwona Baba na mchele wake, akamwuliza jambo kupitia kwa Ali. Ali akafasiri: "Anauliza, katika vita vya mwanzo, vile vikubwa vya Mjerumani, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwamo," alisema Baba. "Nilikuwa karani wa Kariakoo, jeshi la wapagazi. Tukibeba mizigo ya Waingereza mpaka Rufiji."

Nilishtuka. Hilo nilikuwa silijui. Nahodha akauliza tena, na Baba akajibu kwa sauti ndogo, macho yake kwenye mchele: "Nilikwenda na mdogo wangu, Khalfan. Nilimwacha huko."

Ali akafasiri. Nahodha akatoa kidaftari mfukoni, akaandika. Mimi na Baba hatukujua anaandika nini, wala hatukuuliza.

Bandarini Maskati, bila ya kushuka

Tuliiona Maskati asubuhi ya tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja. Majabali meusi yamesimama wima majini, ngome mbili juu yake, na majina ya meli yamepakwa chokaa kwenye mawe na mabaharia waliopita. Baba alikwisha kuvaa kanzu yake nyeupe na kilemba tangu alfajiri. Mizigo yetu tumeifunga. Tukasimama ubavuni tukingoja ngazi.

Ngazi haikuteremshwa. Badala yake nikaona mabaharia wanapita wamevaa nguo safi, wamechana nywele, wanapandisha bendera. Winchi zimenyamaza.

"Kuna nini?" nikamwuliza Ali. "Kafa mtu?"

"Leo sikukuu kwao. Siku ya kwisha vita, vile vya mwanzo. Kwao hakifunguliwi kitu siku hii, na nahodha wetu haruhusu kazi. Babake alikufa katika vita vile, yeye akiwa bado mtoto. Mtashuka kesho."

"Kesho! Na ami yangu anatungoja pale!" Nilimwonyesha kwa kidole ufuo, na watu waliosimama wadogo kama punje. Tulikuwa tumemwandikia jina la meli.

"Mwalimu, hata mimi ningependa kushuka," alisema Ali. "Nimepikishwa bata wanane."

Saa tano ya asubuhi, kumi na moja kwa saa zao, sote tuliitwa sitaha ya mbele. Nahodha alisimama na medali za watu wake kifuani. Alipokwisha kusema maneno machache, akafungua kile kidaftari akaanza kusoma majina: la babake, la ami wa fundi wa mashine, la babu wa mtu wa redio. Kila likitajwa jina, mabaharia wote waliitika neno moja. Ali alitunong'oneza maana yake ni "amekufa."

Halafu nahodha akamgeukia Baba, akamwinamia, akasoma: "Kalfá, ndugu wa Monsieur Salim."

Na wote wakaitika.

Kukawa kimya. Dakika mbili nzima hapakusikika ila maji yakipiga ubavu. Nilimtazama Baba. Uso wake ulikuwa umekauka. Kimya kilipokwisha nahodha alimjia, akampa mkono, macho yake yamejaa. Baba aliupokea ule mkono kama mtu anayepokea mkaa.

"Ali," nikasema, "ulifasiri vipi?"

"Alisema alimwacha vitani. Nikasema kamwacha vitani. Kwani hakufa?"

"Yuko pale ufuoni anatungoja!"

Ali alijishika kichwa. Alitaka kumkimbilia nahodha, lakini Baba akamzuia. "Mwache. Kanipa heshima kwa moyo wake. Usimwaibishe siku ya babake."

Tukarudi chumbani. Baba akavua kilemba, akakaa kitandani, na hapo ndipo aliponihadithia yaliyokuwa nyuma ya yale "masafa" yake.

Walikwenda vitani Baba ana miaka kumi na tisa, Ami kumi na saba. Karibu na mto Rufiji, katika masika, Ami alishikwa na tumbo la damu. Ikaja amri mizigo iendelee mbele. Baba alimwacha kambini na wagonjwa wengine, akaenda. Aliporudi siku ya tisa hakukuta kambi wala mtu. Mpagazi mmoja akamwambia wagonjwa wote wamekwisha, wamefukiwa. Vita vilipomalizika Baba akarudi Unguja, na mamaake akamwuliza neno moja: "Ulikuwa naye?"

"Nikamwambia ndiyo," alisema Baba. "Nikamwambia nilimshika mkono mpaka mwisho. Nikamwambia nilimzika kwa mikono yangu, kwa sanda, kuelekea kibla. Akasoma khitma. Mwaka wa pili ikaja barua kutoka Bawshar. Khalfan hai. Walimpakia katika meli ya wagonjwa mpaka Dari-Salama, jamaa mmoja akamkuta huko, akamchukua kwa baba yetu Oman, kwenye mitende yake, apone. Mama aliisomewa ile barua, akacheka, akalia, kisha akanitazama. Hakusema kitu mpaka alipokufa. Nami ningemwandikia nini Khalfan? Kuwa nilimwacha, kisha nikamsingizia kaburi?" Akaegemea ukuta. "Na leo nimemzika mara ya pili, mbele ya mji wake. Zuwena, moyo wangu unanambia hatumkuti."

Ali alileta wali na bata mwenyewe mpaka mlangoni. Baba hakula. Nilikula mimi, nnakiri. Alikuwa bata mzuri.

Maskati na Matrah

Asubuhi ya pili tukashuka kwa mashua ndogo. Nahodha alikuja ngazini kumuaga Baba, akampa boksi la biskuti.

Ufuoni hapakuwa na Ami Khalfan. Tulimwuliza huyu na yule. Kiarabu changu ni cha msahafu na cha skuli. Watoto wa Maskati walinicheka mpaka wakakaa chini. Mwuza kahawa mmoja alituelewa. Ndiyo, alikuwapo mzee wa Bawshar jana na punda wake, alikaa juani mchana kutwa akiitazama ile meli. Wenye mashua wakamwambia kuwa ni ya mizigo, haina abiria, ndiyo maana hashuki mtu. Kisha? Mwuza kahawa akainua mabega. Alionekana amechoka sana, alisema. Alikuwa akishika ukuta.

Mngemwona Baba aliposikia kuwa alishika ukuta.

Tukaenda Matrah kwa gari, maana huko tuna binamu mwenye duka la halwa. Njia inazunguka majabali, na dereva alipiga honi kila kona kana kwamba anayakemea. Binamu alitupokea kwa kelele za furaha, akitukumbatia mara tatu tatu. "Khalfan? Amelala hapa kwangu! Ameondoka asubuhi hii hii kurudi Maskati kuulizia tena. Punda kamwacha kwangu apumzike, mwenyewe kapanda mashua. Nyinyi mmekuja kwa njia ya gari? Basi mmepishana!"

Mimi nikacheka kwa faraja. Baba hakucheka. "Alikuwa mzima?"

"Alikuwa anakohoa kidogo."

Tukangoja. Tulikula halwa ya moto kutoka kwenye sufuria yenyewe, yenye zafarani na hiliki, tukanywa kahawa. Adhuhuri ikapita, Ami hakutokea. Baba aliinuka, akakaa, akainuka. Mwishowe likapita lori la kwenda upande wa Bawshar, na lori huko halipiti kila siku. Baba akasema twende, kama mzima atakuja kwake. Binamu alitukataza, Baba alikwisha kupanda.

Kwenda Bawshar

Tulikaa juu ya magunia ya mchele, pamoja na mbuzi wawili na mwanamke mmoja Mbalushi aliyenipa nusu ya khanga yake nijikinge jua. Tukapita Ruwi, tukapita Hamriya, kisha ikawa changarawe na mavumbi tu, na milima upande wa kushoto yenye rangi ya kutu. Baba alilishika lile boksi la biskuti magotini njia nzima. Mara moja tu alinigeukia: "Zuwena, yeye alikuwa anapenda kubebwa mgongoni. Mpaka alipokuwa na miaka tisa."

Bawshar ikatokea ghafla, kijani, baada ya mawe yale yote. Mitende imeshikana, maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, yanakwenda kwa sauti ya mtu anayenong'ona. Tulielekezwa nyumba ya udongo yenye mlimau mlangoni. Akatoka mwanamke mnene, uso wa huruma: Bi Zamzam, mke wa Ami. Hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Nilimwuliza kwa Kiarabu changu cha msahafu, kwa adabu zote, mume wake yuko wapi.

Akatikisa kichwa, akaelekeza mkono mbali. "*Maa huna. Raah.*" Hayupo. Amekwenda.

Lakini neno hilo, mnajua, hutumika hata kwa aliyekwenda asirudi. Baba akaketi pale pale kizingitini. "Inna lillahi," akasema, na akaanza kulia kwa sauti, mzee wa miaka sitini na nane, boksi la biskuti magotini. Bi Zamzam alipoona mgeni analia, na anasoma *inna lillahi* huku akitaja jina la Khalfan, akadhani sisi ndio tuliokuja na habari za msiba. Akapiga ukelele. Majirani wakaja mbio. Kwa muda wa robo saa nyumba ile ilikuwa na matanga ya mtu ambaye hakuna aliyejua amekufa lini wala wapi, na mimi katikati nikipiga kelele kwa Kiarabu, "Nani kasema? Nani kasema?"

Ni jirani mmoja aliyewahi kukaa Unguja aliyetuokoa. Alipokwisha kuelewa, ilibidi ashike mlimau asianguke kwa kicheko. Bi Zamzam naye akacheka huku bado machozi yanamtoka, akanivuta ndani, akanipa maji ya kunawa, na kuanzia hapo tulikuwa marafiki bila ya haja ya lugha. Alitupikia mkate mwembamba kama karatasi, na papa mkavu kwa vitunguu na ndimu. Baba alikula tonge mbili.

Siku ya pili

Ami Khalfan alifika kesho yake, jua limepanda, juu ya punda wake. Nilimtambua kutoka mbali, kwa kuwa alikuwa na pua ya Baba. Mwembamba zaidi, ndevu nyeupe kabisa, mavumbi mpaka kwenye kope. Baba alisimama chini ya mitende.

Ami aliteremka taratibu. Akamfunga punda kwanza. Kisha akaja, akasimama hatua mbili mbele ya nduguye, akamtazama kutoka kilemba mpaka viatu.

"Rufiji umeniacha," alisema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichoota kutu, "na Matrah umeniacha. Wewe una ada mbaya."

Nilicheka. Baba hakuweza. Alisema yote hapo hapo, amesimama, kama aliyekuwa ameyakariri njia nzima: kambi, siku tisa, mama, sanda, kibla. Hata jina lililosomwa melini alilisema. Alipomaliza akainamisha kichwa.

Ami alikwenda mferejini, akanawa uso, akarudi akipangusa ndevu kwa kilemba.

"Mama aliniletea barua," alisema. "Zamani hizo hizo. Alisema: *Nduguyo kanidanganya ili nipate usingizi, na kweli nilipata. Usimwekee kinyongo.*"

"Alijua?"

"Ah! Salim! Mama yupi asiyejua mwanawe anaposema uwongo?"

"Basi kwa nini hukuniandikia?"

"Nilikasirika," alisema Ami, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Sikukasirika kwa kuniacha, amri ni amri, nami nilikuwa naoza. Nilikasirika kuwa hukuja kunitazama. Kila ikija meli nilisema labda hii. Nilioa, hukuja. Baba alikufa, hukuja. Nikazika watoto wawili, Salim, hukuja. Mwisho nikasema, huyu hanipendi."

"Niliona haya."

"Haya miaka hamsini?"

"Miaka hamsini."

Kisha Baba akafungua mikono, na Ami akaingia, na mimi nikageuka kumtazama punda, kwa sababu kuna mambo hayafai kukodolewa macho hata na mwana. Nilipogeuka tena, Ami alikuwa anauliza, "Na hao Wafaransa, jina langu walilisoma sawasawa?"

"Walisema Kalfá."

"Kalfá!" Ami alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Baba akampiga mgongoni, taratibu, na hakuuondoa ule mkono.

Kurudi

Nilikaa Bawshar siku ishirini. Ningeweza kukuandikieni kurasa nyingine kumi: chemchemi ya maji moto nilikooga na wanawake, ugomvi juu ya zamu za maji ya falaji, Bi Zamzam aliyenifunza mkate na mimi nikamfunza kusema "karibu" na "usinitanie." Wale wazee wawili walilala chumba kimoja, wakiamkia kubishana. Baba akisema Unguja kulikuwa na mwembe nyuma ya kisima, Ami husema ulikuwa mfenesi. Kifua cha Baba kikafunguka kwa ile hewa kavu.

Siku tatu kabla ya meli Baba alinambia, "Mwanangu, mimi sirudi." Sitakufichieni, iliniuma. Nilikwenda kukaa mferejini peke yangu nikalia kwa hasira, maana sina mzazi mwingine, wala mume, wala mtoto. Aliyenifuata ni Ami. Akakaa karibu yangu, miguu majini.

"Niachie," alisema. "Wewe umekaa naye miaka thalathini na tano."

Nikavua viatu, na mimi nikatia miguu majini.

Siku ya kuondoka Baba alinisindikiza mpaka kwenye lori. Alinikamata mikono yote miwili, akanisomea dua, kisha akaanza kugawa vitu vyake kama mtu anayekumbuka kilichosahauliwa jikoni. Bakora yake apewe imamu. Vitabu vibaki kwangu. Redio nisimpe mtu, niwe naisikiliza saa za habari nyumba isiwe kimya. Kitanda cha samadari apewe Bi Asha, ambaye mgongo wake haufai kulala chini.

Basi Bi Asha, ukikisoma hiki, mtume mtu aje akichukue. Mguu mmoja wa kichwani ni mfupi. Baba alikuwa akitia kigae chini yake, na kigae nimekiweka juu ya godoro kisipotee.